Mchoro wa Arobaini na Saba

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umelala. Sista anayekuuguza aliniambia kwamba siku hizi unakula vijiko vitatu unasema umeshiba, kisha unatumia nguvu za vijiko hivyo kumsahihishia sarufi. Nikajua bado ni wewe. Ningekupigia simu, lakini najua masikio yako yamestaafu, nawe huwezi kuvumilia kupigiwa kelele.

Sisi hatujambo. Baba anakusalimu sana. Jicho lake la kulia halioni kabisa sasa, la kushoto linaona mwanga na vivuli. Amekataa fimbo. Anasema nyumba hii aliijenga mwenyewe kwa mikono yake, haiwezi kumgonga. Jana ilimgonga. Tulimpaka dawa kwenye paji la uso, akatuambia mlango ulikuwa umesogezwa.

Sasa nije kwenye kazi. Kiwandani wamenipa idara nzima ya vifungashio. Nakalia kiti chako, Shangazi, kile chenye mguu uliofungwa waya. Kazi ya kwanza ni chupa mpya ya sabuni ya maji, nayo imenitoa jasho. Watu wa mauzo wanataka chupa nyeusi, lebo ya dhahabu inayozunguka mwili mzima, na pampu yenye springi ya chuma. Wanasema ikikaa rafuni ionekane kama manukato. Nikawaambia nyeusi haionwi na mashine ya kuchambulia, lebo ile haibanduki, na springi itavunja visu vya kusagia. Mmoja akanijibu, "Dada, sisi tunauza sabuni, hatuuzi takataka." Wenzake wakacheka. Wewe ungewajibu nini?

La pili ni kubwa zaidi kwangu. Nimeombwa niandike kijitabu cha mafunzo kwa wachoraji wapya, jinsi ya kubuni chupa ambayo ikishatumika inaweza kurejea kuwa kitu kingine. Nataka ukurasa wa kwanza uwe hadithi ya kweli, tena ya kwangu mwenyewe: siku nilipochanganya chupa mpaka karakana ya Baba ya kusaga chupa zilizotumika ikafungwa. Nadhani muda umefika niiseme mbele ya watu. Kijitabu kitakwenda kwa mpiga chapa mwisho wa Juni.

Kwa ajili hiyo nimepekua kabati la michoro ya zamani. Yote ipo kwa mpangilio, mwandiko wako mzuri pembeni, isipokuwa mchoro namba 47. Ninayo 46, ninayo 48. Daftari linasema 47 ni chupa ya mraba ya mafuta ya kula. Unakumbuka ulienda wapi?

Wako,
Kizibo


19 Februari

Kizibo wangu,

Marahaba, na salamu kwa baba yako. Mwambie mlango haukusogezwa. Mwambie pia kwamba dada yake amekubali fimbo tangu mwaka juzi, na hakuna aliyemcheka ila yeye kaka yake.

Mimi nipo. Asubuhi nina nguvu za kuandika ukurasa mmoja, mchana nina nguvu za kuutazama. Sista ananiosha kama chungu cha thamani. Nimefurahi umetia sahihi kwa jina lile. Siku hizi ni mimi tu ninayekuita hivyo. Ulikuwa na miaka minne ulipokaa katikati ya mlango wa ofisi yangu, hutoki wala humpishi mtu, mpaka meneja akauliza, "Nani ametuwekea kizibo hapa?"

Kuhusu hao watu wa mauzo: usiwahutubie. Mtu wa mauzo ukimhutubia atakuhutubia na yeye, na kinywa chake kimezoea zaidi. Wapeleke kwenye meza ya kuchambulia. Wavishe glavu. Mpe kila mmoja chupa hamsini zenye lebo ya kuzunguka, waambie wazibandue, nawe ukae pembeni unywe chai. Baada ya saa moja watakuuliza wenyewe kama lebo haiwezi kuwa ndogo. Chupa ina maisha mawili, moja ni la rafuni, na la pili huanza siku ilipotupwa. Wao wanalijua la kwanza tu kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapeleka kuliona la pili.

Pampu waachie, lakini iuzwe mara moja tu. Baada ya hapo wauze ya kujazia tena, chupa isiyo na pampu, nyepesi, ya plastiki ileile na kifuniko chake. Na gundi ya lebo iwe ya kutoka kwa maji ya moto. Haya unayajua. Nayaandika kwa kuwa yananifurahisha.

Kuhusu kijitabu nakushauri usianze na hadithi hiyo. Kitabu cha kazi si mahali pa kutubu. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na sita. Anza na lebo, au anza na kifuniko. Watu hupenda vifuniko.

Mchoro unaoutafuta sijui uliko. Stoo ile ilikuwa na panya.

Kwa mapenzi,
Shangazi yako


12 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Umetuacha tukicheka. Niliwapeleka wale watu mezani kama ulivyosema. Yule wa "hatuuzi takataka" alivunjika kucha kwenye chupa ya tisa. Sasa lebo ni ndogo kama kiganja, chupa haina rangi, na yeye ndiye anayewaeleza wenzake kwa nini. Ameshaanza kusema lilikuwa wazo lake. Nimemwachia.

Baba amekubali fimbo, lakini anaiita "kifaa". Mwanangu wa kwanza anajiandaa kwa mitihani na hataki kuulizwa lolote. Wote wanakusalimu.

Shangazi, hao panya wa stoo wana akili. Wamekula 47 bila kuacha hata alama ya jino kwenye 46 na 48.

Sikuandikii kwa ajili ya mchoro, ila kwa ajili ya ule ushauri wako. Umesema nisianze na hadithi hiyo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mchoro usioonyesha ufa si mchoro, ni picha ya harusi. Sasa mbona wa kwangu unataka niufunike?

Nakumbuka kila kitu. Ilikuwa likizo. Baba alinipa meza ya kuchambulia na akina mama wanne chini yangu, nikavimba kichwa kama mkuu wa shule. Ulikuja Jumapili ukatufundisha wewe mwenyewe: geuza chupa, tazama kitako, soma namba iliyo ndani ya mishale. Namba moja inakwenda kwenye gunia, nyingine zote kando. Akina mama wawili hawakujua kusoma, ukawaambia, "Tafuteni fimbo iliyosimama peke yake." Hata leo nikishika chupa mkono unageuka wenyewe.

Na nakumbuka kwamba nilikuwa na riwaya chini ya meza. Sikuwahi kumwambia mtu hilo ila wewe na Baba. Nilisoma kurasa nyingi wiki ile. Chupa zikasagwa, magunia yakaenda kwa watengeneza kamba za plastiki waliokuwa wakinunua kwa Baba, na siku ya pili lori likarudi nayo. Vipande vyetu viliungua ndani ya mashine yao, vikatoa moshi unaowasha macho, kamba zikatoka na madoa meusi, na chuma cha mashine kikaanza kushika kutu. Walisema tumechanganya plastiki ya mabomba ya maji ndani ya ile ya chupa. Walimwita Baba tapeli mbele ya wafanyakazi wake. Hakuna aliyenunua kwake tena. Aliuza kinu cha kusagia, akaenda kuwa mlinzi wa ghala mpaka alipozeeka.

Mimi aliniambia sentensi moja tu. "Nilikupa meza moja na macho mawili, macho uliyapeleka wapi?" Hajaisema tena. Haikuhitaji kurudiwa.

Shangazi, nilisomea kazi hii kwa sababu ya siku ile. Kila chupa ninayoichora najaribu kulipa. Nina miaka arobaini na mitano. Niruhusu niandike nipumzike.

Kizibo


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa mezani wiki saba. Wiki tatu kati ya hizo nilikuwa hospitali, na Sista atakuambia hivyo, nawe utaniona nina udhuru. Wiki nne nyingine nilikuwa hapa, kalamu ikiwa mkononi.

Hospitali walinitoboa kama lebo za bei. Daktari ni kijana mpole, ananiita "mama" kila baada ya maneno mawili. Msalimie baba yako. Nimefurahi kusikia habari za fimbo, nisamehe, za kifaa.

Nakuomba jambo moja. Usipeleke kijitabu kwa mpiga chapa kabla hujapata barua nyingine kutoka kwangu. Usiniulize kwa nini. Subiri tu.

Shangazi


14 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na pole sana. Kwa nini hamkuniambia uko hospitali? Ningekuja.

Nitasubiri, lakini nimejiuliza. Baba nilimsomea barua yako. Nilipofika kwenye "usiniulize kwa nini" akaniambia nisome tena, kisha akaomba redio izimwe, akaiacha chai ikapoa. Nikamwuliza kuna nini. Akasema, "Dada yangu amechoka. Mwache." Sauti yake haikuwa ya mtu anayezungumzia uchovu.

Kuna kitu ninyi wawili mnakijua. Mpiga chapa anataka kurasa tarehe thelathini Juni. Kama ni ugonjwa, niambie ugonjwa. Kama ni kingine, nimekuwa mtu mzima siku nyingi.

Kizibo


27 Mei

Mwanangu,

Nakusalimu, pamoja na baba yako na watoto. Sista amenikalisha dirishani, amenifunga shuka kiunoni nisidondoke, na ameahidi hatasoma ninachoandika. Habari za hali yangu ni fupi: daktari ameacha kunibadilishia dawa. Mgonjwa aliyesoma huelewa maana yake.

Mchoro wa 47 umo ndani ya bahasha hii. Panya hawakuwahi kuugusa. Nilitoka nao kiwandani siku niliyostaafu, nimeuviringisha ndani ya mwavuli, na tangu siku hiyo ninaulalia chini ya godoro.

Ufungue. Tazama kona ya chini kulia nilipochora kitako. Utaona mishale mitatu, na katikati namba moja. Sasa panda juu, kwenye kisanduku cha malighafi. Nimeandika kwa mkono wangu: namba tatu. Plastiki ya jamii ya mabomba ya maji.

Wewe mchoraji umeshaelewa. Lakini nitaandika yote, maana nikiruka neno moja nitakuwa nimelificha kwa mara nyingine.

Miaka ile chupa ya maji ya kunywa ilikuwa ya namba moja, na ile ya mraba ya mafuta ilikuwa ya namba tatu. Kwa macho zote ni kama kioo, hakuna awezaye kuzitofautisha asipotazama kitako. Nilikuwa na haraka. Alama ya kitako niliiweka kwa kunakili. Nilitandika karatasi nyepesi juu ya mchoro wa chupa ya maji, nikapitisha kalamu, mishale mitatu na namba yake, bila kufikiri. Mchonga kalibu akachonga kwenye chuma kile nilichochora, kama ilivyo kazi yake. Kalibu ndiyo mama wa chupa, na watoto wote walizaliwa na uongo wangu kitakoni.

Kosa hilo peke yake ningekuwa nimeshalisema. Kila mchoraji amewahi kukosea. Ninaloungama ni hili: nililiona siku ya kwanza. Chupa zilikuwa bado za moto. Meneja alichukua moja akainua juu, akasema mbele ya wote, "Mnaona? Mlisema mwanamke hawezi kuchora chuma." Watu wakapiga makofi. Nikaipokea chupa ile, nikaigeuza kwa mazoea, nikaona fimbo iliyosimama peke yake. Kuchonga upya kulihitaji kusimamisha mashine siku nne. Nilikuwa mwanamke wa kwanza katika chumba kile cha michoro, na walikuwepo watano waliokuwa wakisubiri niteleze. Niliiweka chupa mezani, kitako chini, nikapokea pongezi.

Nilijiambia, nani atasoma kitako cha chupa ya mafuta? Na jibu nililijua. Katika mji mzima watu waliosoma vitako vya chupa walikuwa watano, wamekaa kwenye meza moja, na aliyewafundisha kusoma ni mimi. Niliwafundisha namba tu. Mtu wa kiwandani angewaonyesha pia kwamba ile ya jamii ya mabomba ina mshono katikati ya kitako na ile nyingine ina kitone kilichovimba kama chunusi. Sikuwaonyesha. Namba ilikuwa rahisi kueleza, na mimi niliamini alama haiwezi kusema uongo, kwa sababu alama zilikuwa zangu.

Ungesoma riwaya kumi chini ya meza, isingebadili kitu. Kila chupa uliyotia guniani ilikuwa na fimbo. Ulifanya sawasawa na ulivyoagizwa. Hukukosea hata moja. Laiti ungekuwa mzembe kweli, huenda nyingine zingepotea njia, na hasara ya baba yako ingekuwa ndogo.

Nilikuwepo siku lori liliporudi. Nilikuwepo pia kwenye kile kikao cha sebuleni, ulipopiga magoti mbele ya wazee kuomba radhi. Unakumbuka nani alikutetea? Ni mimi. Nilisema, "Mtoto ni mtoto, msameheni." Ulinishika mkono kwa shukrani. Nimeshindwa kuyasahau yote mawili, maneno yale na mkono ule.

Miezi saba baadaye kalibu ilipotolewa kufanyiwa ukarabati, nikaichonga upya kimyakimya. Kwenye daftari nikaandika "usafishaji". Nikakupeleka chuo, nikakufundisha kazi, nikakupa kiti changu. Watu wakasema, shangazi gani huyu mwenye moyo! Nami niliwaacha waseme.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi sikuzaa kwa sababu nyingine, lakini methali hiyo nimeihisi. Usiandike kwamba ulichanganya chupa. Siwezi kufa nikijua umelichapisha hilo.

Sikuombi kitu. Nimekuambia.

Shangazi


20 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne. Tatu za kwanza nilizichana, na ni vizuri hukuziona.

Nilipoisoma yako nilikuwa kazini. Nilikaa kwenye kile kiti chako, kisha nikanyanyuka, nikaenda kuleta kiti kingine. Nilitaka kukasirika kwa kelele na sikuweza, kwa sababu kulikuwa na kitu kingine mbele ya hasira. Hukukosea hata moja. Nilisoma mstari huo mpaka mtumishi wa chai akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana. Nilikuwa nalia kwa ajili ya msichana mmoja niliyemfahamu.

Jioni nilimsomea Baba yote, neno kwa neno, nikiwa nimesimama. Nilidhani ataanguka. Nilipomaliza akasema, "Basi amesema."

Shangazi, alijua.

Alijua mwezi mmoja baada ya kufunga karakana. Alibakiza chupa moja ya mraba, akaipeleka kwa fundi mabomba, rafiki yake. Yule fundi alichoma waya wa shaba ukawa mwekundu, akaugusisha kwenye chupa, akaurudisha motoni, na moto ukageuka kijani. Akamwambia Baba, "Hii ni jamii ya mabomba, kaka, hata kama kitako chake kimeandikwa askofu." Baba akageuza, akaona fimbo. Akajua ni mkono wa nani.

Nikamwuliza, kwa nini hukusema? Akasema, "Angefukuzwa. Alihangaika sana kufika pale. Nina dada mmoja tu." Nikamwuliza, na mimi je? Akanijibu kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango gizani. "Wewe ulikuwa mtoto. Nilidhani watoto husahau."

Kwa hiyo yeye alikulinda wewe, wewe ulijilinda mwenyewe, na mimi nilikuwa ubao mliokanyaga wote wawili ili msilowe. Miaka ishirini na tisa, Shangazi, katika nyumba zilezile, tukila pamoja. Nilikuwa nikimletea Baba maji ya kunawa nikidhani nalipa.

Sijui kama nimewasamehe. Nitakuwa mwongo nikiandika ndiyo, na uongo umetutosha. Ila ninajua kwamba asubuhi iliyofuata Baba aliita jina langu kutoka kibarazani, akasema, "Njoo nikuombe radhi ningali nakuona kivuli." Nikaenda. Akapiga magoti. Mzee yule, na magoti yale! Ilibidi mimi na mwanangu tumwinue. Na tukiwa tunamwinua akasema, "Taratibu, hiki si kinu," tukacheka wote watatu, kisha hatukucheka tena.

Kijitabu lazima kiende tarehe thelathini. Nimeandika upya ukurasa wa kwanza. Sikukutaja. Nakunakilia hapa:

"Zamani mchoraji mmoja alinakili alama ya chupa moja akaiweka kwenye nyingine. Chupa zilionekana sawa, plastiki zake hazikuwa sawa. Mchoraji hakujua kosa lake ila baada ya miaka mingi. Watu waliokuwa wakichambua taka kwa uaminifu waliamini alama, na karakana yao ikafungwa. Kabla hujaweka alama kitakoni, jiulize ni nani atakayeigeuza chupa hiyo na kukuamini."

Niambie kama unafaa. Nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Baba anataka kuja nami. Ameuliza kama nyumba yako ina milango mingi.

Kizibo


26 Juni

Kizibo,

Marahaba, mwanangu. Ninaandika mistari michache kila Sista akinipa maji, kwa hiyo usishangae mwandiko ukibadilika njiani.

Nyumba yangu ina milango miwili. Mwambie baba yako nimeisoma sehemu yake mara nyingi kuliko ninavyosoma dawa. Mwambie pia kwamba alifanya kosa. Nisingemwambia hivyo kama singekuwa dada yake. Gharama ya kunilinda hakuilipa yeye, na aliyelipa hakuulizwa. Hayo nitamwambia mwenyewe Jumamosi nikiwepo.

Umefanya vyema kutoandika neno la msamaha. Sikuuomba kwa makusudi. Ningekuomba, ungehangaika kunijibu, na umeshahangaika kwa ajili yangu vya kutosha. Ubaki nalo. Kama halitakuja, halitakuja.

Sasa ukurasa wako. Umeandikwa vizuri, mwisho wake unashika. Lakini umeandika kwamba mchoraji hakujua kosa lake ila baada ya miaka mingi. Hapo umenifanyia alichonifanyia baba yako. Naona ni damu. Mtu wetu akiteleza, tunakimbia kumfunika, na anayebaki nje baridini ni mtu mwingine. Safari hii watakaobaki nje ni hao wachoraji wako wapya. Watasoma wajifunze kwamba kosa ni bahati mbaya, na kwamba dawa yake ni kuwa makini. Nilikuwa makini, Kizibo. Mashine ilikuwa bado haijapoa nilipoliona.

Futa sentensi hiyo. Weka hii: "Mchoraji aliliona kosa lake siku ya kwanza, chupa zingali za moto, akanyamaza kwa sababu watu walikuwa wakimpigia makofi." Kisha andika kwamba ni mimi. Weka jina langu lote na kazi niliyokuwa nayo, kama lilivyo kwenye kona ya kila mchoro katika kabati lile. Michoro mizuri niliitia sahihi yote. Na huo niutie.

Mchoro wa 47 urudishe mahali pake, kati ya 46 na 48.

Sista anasema mkono sasa utulie. Naomba kitu kimoja tu. Ukurasa ukishasahihishwa, usipitie kwangu kwanza kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, tarehe haitusubiri. Upeleke. Halafu mje nao Jumamosi, uusome kwa sauti kubwa, ukae upande wa sikio langu la kushoto ambalo lina uhai kidogo, na baba yako akae mahali anapoweza kusikia. Ukifika kwenye jina langu, usishushe sauti.

Shangazi yako